Mlango ufungwe au mfuko?

Kikao cha familia juu ya mlevi, hapa Bukavu, hugawanyika kabla chai haijapoa. Upande mmoja: mfukuzeni, akilala nje akili zitamrudia. Wa pili: damu ni damu, mtoto hatupwi. Nimekaa katika vikao hivyo zaidi ya mara moja. Wanaosema kwa sauti kubwa, wa upande wowote, usiku hurudi kwao. Anayebaki na mtu wa kanyanga, pombe kali ya kupikwa nyumbani, ni mkewe au mama yake, pamoja na watoto wanaosikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao.

Wa "mfukuzeni" wana hoja. Dada akilipa deni la pombe, mama akimpigia mkubwa wa kazi simu kusema "ana malaria", ulevi umeongezewa siku. Zinaanza kuuzwa sufuria, inafuata redio, mwisho inanywewa minerval, karo ya shule. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa chupa ambayo hakuionja. (Na mama anayepika hiyo kanyanga analipa minerval ya wanawe kwa pesa hiyohiyo, tusimtukane haraka.)

Lakini afukuzwe aende wapi? Kwenye vilima vya Kadutu usiku si mwalimu, na huko nje wa kumpokea ni wale anaokunywa nao. Tena kuna hatari ambayo pande zote mbili huisahau. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, ukimfungia ghafla bila pombe, hata katika chumba cha maombi huku amefunga kula, anaweza kutetemeka, kushikwa na kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha kuweweseka na kuona visivyopo. Wengine hufa. Wenyewe tutasema ni pepo anayetoka. Maombi yaendelee, sina ugomvi nayo, ila muuguzi aitwe kwanza.

Utafiti mmoja wa Marekani, wa mwaka 1999, ulifuata ndugu 130 wa walevi waliokataa matibabu. Waliofundishwa njia iitwayo CRAFT waliwafikisha wagonjwa wao kwenye matibabu kwa asilimia 64. Waliofundishwa kumkalia kikao cha kumkabili: 30. Waliofuata njia ya Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi vya kusaidiana: 13, ingawa hapo tuwe wa haki, kwani Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, lengo lake ni kumponya ndugu mwenyewe kwanza, mlevi akiacha au asiache. Na mke aliyechoka anahitaji hilo pia.

CRAFT kwa lugha ya jikoni: akiwa mzima, kaa naye, mle bugali pamoja, mcheke. Akirudi amelewa, usigombane, jitenge, na matapishi yake ayakute asubuhi. Deni lake ni lake. Akianza kupiga, ondoka na watoto usiku huohuo. Hapo hakuna njia ya kujadili.

Basi mimi nafunga mfuko, mlango nauacha wazi. Ugumu ni kwamba kwetu mfuko si mmoja. Mke akikataa kutoa, mama mdogo atamchomekea noti mkononi akitoka misani, kwa huruma, na kazi ya miezi miwili imeharibika. Wamarekani walifundisha mtu mmoja mmoja. Huku ingebidi kumfundisha ukoo mzima hadi bibi.

Halafu kuna SOSAME, kituo chetu cha afya ya akili. Ukilitaja tu, mgonjwa anajibu: "Miye siko kichaa." Jibu hilo hulegea asubuhi chache, baada ya aibu kubwa, na siku hiyo nauli na pesa ya matibabu ziwe tayari.

Katika kikao cha mwisho nilichohudhuria, baba mkubwa aliyepaza sauti kuliko wote, "atoke leo!", aliombwa achange nauli hiyo. Akatazama saa yake, akakumbuka kwamba giza linaingia na kwake ni mbali.