Draiva Inayofanya Kazi Iachwe

Sina ugomvi na masasisho ya usalama. Tundu likigunduliwa kwenye Windows lizibwe upesi, hata kama itanibidi nikae nikitazama asilimia zinavyopanda. Ugomvi wangu ni na draiva, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuendesha kifaa kama printa au kadi ya sauti, zinazoingia bila hodi kupitia Windows Update, huduma inayoleta masasisho, na kuing'oa draiva iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Jioni umezima kompyuta ikiwa na sauti, asubuhi ni bubu. Au printa haitambuliki, na wewe hujagusa kitu.

Kinachoudhi zaidi, draiva inayoletwa mara nyingine ni ya zamani kuliko uliyokuwa nayo. Watu hudhani ni hitilafu, kumbe ndivyo mfumo ulivyopangwa. Kila kifaa hujitambulisha kwa vitambulisho kadhaa, kuanzia kile cha jumla cha chipu hadi kirefu kinachotaja modeli hasa. Draiva mpya ya kadi ya grafiki uliyoipakua kwa watengenezaji wa chipu huenda imeandikiwa kile cha jumla. Kampuni iliyounda laptopu nayo ina draiva yake kwenye Windows Update, imeandikiwa kile kirefu. Zikishindanishwa, inayolingana na kifaa kwa karibu zaidi ndiyo hushinda. Tarehe na namba ya toleo hutazamwa pale zinapotoka sare. Basi draiva ya miaka miwili nyuma inaiangusha ya mwezi uliopita, kihalali kabisa. Mantiki naielewa, maana aliyeunda laptopu anazijua feni na betri zake. Ila mimi niliyeisakinisha ile nyingine kwa mkono wangu, nani aliniuliza?

Tena hasara yake inaweza kuzidi usumbufu. Oktoba 2014, kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu za kuunganishia vifaa kwa USB, ilisambaza draiva kupitia Windows Update. Draiva hiyo ikikutana na chipu ya bandia iliigeuza namba yake ya utambulisho kuwa sifuri, na kifaa kikaacha kutambulika. Walioumia ni wanunuzi ambao hata hawakujua kuna chipu bandia ndani. Kelele zikapigwa, draiva ikaondolewa.

Swichi ya kuzuia haya ipo. Mwenye toleo la Pro la Windows anafungua gpedit.msc, kihariri cha sera za mfumo, anaingia sehemu ya Windows Update, anawasha sera inayozuia draiva zisiletwe pamoja na masasisho mengine. Mwenye toleo la Home hana gpedit. Anabaki kwenda mwenyewe kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate, na kuweka DWORD (ingizo la namba) iitwayo ExcludeWUDriversInQualityUpdate yenye thamani 1. Hapo ndipo ninapokasirika hasa: ofisi yenye mafundi wake imewekewa swichi mezani, mtu wa nyumbani asiye na fundi ndiye anayetumwa kwenye rejista, mahali ambapo kosa dogo linaweza kuharibu mfumo mzima. (Hifadhi nakala ya rejista kabla ya kugusa chochote.)

Wapo wanaoshauri kuzima huduma nzima ya Windows Update. Hao sikubaliani nao hata kidogo. Huko ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya.

Kama draiva mbaya imeshaingia, fungua devmgmt.msc, yaani orodha ya vifaa vya kompyuta (Device Manager), bofya kulia kifaa husika, ingia kwenye sifa zake, na katika kichupo cha draiva utakuta kitufe cha kurudisha ile ya awali. Kitufe kikiwa kimefifia, ya awali haikuhifadhiwa, na utashukuru kama faili lake la kusakinisha uliliweka kwenye flashi. Swichi iwe imeshawekwa, la sivyo utarudisha leo na kesho utaikuta ileile.

Ukishazuia, jukumu linakuwa lako, kwa sababu draiva nazo huwa na matundu ya usalama. Mimi hufuatilia mwenyewe za kadi ya grafiki na za mtandao kwa watengenezaji. Printa siigusi mpaka ilalamike.