Mteja Bora, Kitengo cha Vinywaji

Kila shilingi 1,000 unayoiacha kwenye ile supamaketi unapewa pointi moja, na pointi moja thamani yake ni shilingi 10. Yaani ukinunua vitu vya laki nzima, unarudishiwa buku. Mume wangu, fundi wa kupaua ambaye hesabu zake zote ni za bati na misumari, aliniuliza hiyo buku nitaifuata kwa usafiri gani, maana bodaboda ya kutoka kwetu Ilazo, hapa Dodoma, kwenda mjini na kurudi inakula zaidi ya hapo. Nikamwambia nauli haihusiani na akiba, hayo ni mafungu mawili tofauti. Akanyamaza. Fundi akinyamaza ujue anapima.

Halafu kulikuwa na kuponi. Zilikuwa zinaingia kwenye programu ya simu kila Ijumaa jioni, zinawaka rangi ya chungwa: "Punguzo la shilingi 5,000!" Chini yake, kwa maandishi ya kutafutia miwani: kwa manunuzi kuanzia 50,000, isipokuwa sukari, unga, mchele na mafuta ya kula. Sasa mama mwenye nyumba ukimwondolea sukari, unga, mchele na mafuta, unataka anunue nini? Ijumaa moja nilitoka pale na mayonezi chupa tatu, chakula cha mbwa (mbwa hatuna) na taulo za karatasi za kufutia sijui nini. Lakini elfu tano niliiokoa, risiti ninayo.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia kutoka Mvumi. Aliionja ile mayonezi na ugali, akaitafakari, akauliza ni dawa ya kunywa au ya kupaka.

Huyu bibi hana kuponi hata moja, ila ukienda naye Soko la Majengo ndiyo utajua bei ni nini. Hafiki na kuuliza "shilingi ngapi?" kama sisi. Anasimama mbele ya meza ya karanga, anasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Muuzaji akishaitika, anaulizwa kwao wapi. Akisema Hombolo, mama mkwe ana shangazi aliyeolewa Hombolo. Akisema Kongwa, kuna mjomba alichunga Kongwa. Mpaka wamalize kutajiana ng'ombe na waliokufa, yule muuzaji ameshapima kopo, ameongeza konzi moja, kisha ya pili, na mama mkwe bado mfuko kauachia mdomo wazi, anaangalia pembeni, anauliza habari za mvua. Konzi ya tatu inaingia yenyewe. Mimi nipo nyuma na simu yangu, natafuta mtandao.

Kwa hiyo nikatafuta njia yangu. Niligundua kwamba pale kwenye foleni watu wengi hawana hiyo programu. Keshia akiwauliza "namba ya simu?" wanatikisa kichwa, pointi zao zinapotea bure. Jamani, pointi zinapotea na mimi nipo? Nikaanza kwa adabu: "Kaka yangu, kama huna namba weka yangu." Wengine walinitazama kama tapeli, wengine wakacheka wakakubali. Mlinzi akaanza kunifuatafuata. Nikaona isiwe tabu, nikamletea yule binti keshia karanga za kukaanga kwenye kikopo, tukaelewana. Namba yangu akaishika kichwani. Asiye na namba, anawekewa yangu.

Mwanzoni zilikuwa zinadondoka taratibu, pointi 9, pointi 14. Ukaja mwezi wa nne, Bunge la bajeti likaanza. Mwenyeji wa Dodoma hahitaji kalenda kulijua Bunge la bajeti: gesti zinajaa, nyanya zinapanda, kuku wa kuchoma anakuwa na bei ya mbuzi, na hali inakwenda hivyo mpaka mwisho wa mwezi wa sita. Mwaka huo na pointi zangu nazo zikapanda. Nipo mazoezi ya kwaya, simu ikatetemeka: "Hongera! Umepata pointi 412." Kesho yake 380. Nikafunga macho nikashukuru.

Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda. Nikawaeleza washirika jinsi Bwana alivyoamua kunifungulia madirisha ya mbinguni kupitia namba ya simu. Kanisa zima likaitika amina. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mkali ambaye hata soda ya tangawizi anainusa kwanza, alinikumbatia.

Kuna kitu kimoja tu sikukielewa wakati huo. Kuponi zangu zilibadilika. Zamani nilikuwa naletewa za sabuni na tambi. Sasa zikawa zinakuja za vipande vya barafu, limau, glasi ndefu zenye mguu mmoja, na dawa ya kichwa. Ikaja moja ya kizibuo cha bure kabisa, nikakifuata. Mume wangu akakizungusha mkononi, akasema chuma chake kizuri, akakitia kwenye sanduku la vifaa.

Mwisho wa mwezi wa tano nikapigiwa simu. Sauti ya binti, laini kabisa: "Mama, wewe ni Mteja Bora wa Mwezi. Jumamosi saa nne asubuhi njoo upokee zawadi, na uje na familia."

Mimi mtu ananiambia njoo na familia, nakuja na ukoo. Alikuwepo mume wangu kavaa suti ya harusi yetu, mama mkwe na kanga mpya, mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, na kwaya nusu, wamevaa sare, tayari kwa wimbo wa shukrani. Kichwani nilikuwa nimeshaitafutia friji sehemu ya kukaa. Mume wangu yeye aliomba tu iwe gunia la mchele wa Bahi.

Wamefunga turubai nje, spika mbili kubwa, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi, mshereheshaji anapiga kelele. Akaita mteja bora wa vifaa vya shule, akapewa zawadi. Akaita wa vyakula, akapewa. Nikaanza kujiuliza, kama vyakula vimeshapita, mimi nimeitiwa nini?

"Na sasa ndugu zangu, yule mliyekuwa mnamsubiri! Mteja bora wa kitengo cha VINYWAJI!" Likatajwa jina langu, yote matatu, mpaka la babu. "Mama huyu, ndani ya mwezi mmoja tu, mvinyo mwekundu katoni 31! Bia kreti 40! Na zile kali za chupa ndogo hatukuzihesabu, tulizipima kwa uzito!"

Shangwe iliyopigwa pale, sijawahi kupigiwa hata siku ya ndoa. Kuna kijana alivua kofia. Mshereheshaji akanisogezea kipaza sauti: "Mama, tuambie, siri ni nini?"

Sasa mimi hotuba nilikuwa nimeikariri usiku kucha, na miguu ilikuwa imeshapoteza mawasiliano na kichwa. Nikajisikia nikisema: "Bwana asifiwe. Yote haya ni kwa neema tu. Pia naishukuru familia yangu, na wanakwaya wenzangu, ambao tumekuwa pamoja katika kila hatua."

Watu walikaa chini kwa kucheka. Mpiga kinanda wetu, ambaye alikuwa mbali na hakusikia kitu, aliona nimemaliza, akabonyeza. Na sauti ya pili ikaingia, kwa sababu sauti ya pili siku zote huingia bila kuuliza. Nikapokea katoni tano za mvinyo wa Dodoma huku kwaya inaimba shukrani, na mwenyekiti wetu ameinamisha uso ndani ya kitabu cha nyimbo alichokishika kichwa chini miguu juu.

Kikao cha wazee kiliitwa jioni ileile. Utetezi wangu ulikuwa mzuri: manunuzi yote yamefanyika saa nne au saa tano asubuhi, siku za kazi, na mimi saa hizo nipo ofisini Mtumba, daftari la mahudhurio lipo. Mzee mmoja akauliza, kwa upole, kama katika utumishi wa umma hakuna ruhusa ya dakika chache. Ikabidi mpwa wangu asimame. Akaeleza kwamba pointi siyo zawadi, ni malipo: wewe unapewa buku, wao wanapewa habari za kikapu chako, wajue unanunua nini na lini. Akasema huko Uingereza, Tesco walianza na kadi yao tangu 1995. "Kwa hiyo shangazi," akanigeukia, "kwenye kompyuta yao wewe ni baa." Alidhani ananitetea.

Na kweli alikuwepo mwenye baa. Kijana wa manunuzi wa sehemu moja wanayochoma kuku alikuwa anapita kila asubuhi, namba hana, na binti keshia akawa ananikumbuka kwa upendo. Kijana aliposikia kuna zawadi akaja mpaka nyumbani kudai katoni mbili na nusu. Mume wangu alimsindikiza na nyundo mkononi. Alikuwa anatoka kazini tu, lakini kijana hakuuliza.

Wazee wakaamua mvinyo urudishwe. Nikaukodishia bajaji. Supamaketi wakasema bidhaa hairudishwi bila risiti ya manunuzi. Nikasema ni zawadi, haina risiti. Wakasema ndiyo maana hairudishwi. Nikaukodishia bajaji tena. Mume wangu akachukua penseli, akaandika nauli zote ukutani, hakusema neno.

Katoni zikakaa uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe, kwa sababu hakuna mahali pengine palipokuwa na nafasi. Yeye akazivuta, akasoma maandishi ya kwenye chupa kwa kidole, akauliza hizi si zile zabibu zetu. Kwao Mvumi wana shamba, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mgongo wake umeishia humo. "Miaka yote nachuma," akasema, "sijawahi kuona zinakokwenda." Mimi nikamweleza msimamo wa kanisa. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikamwombe mwanawe kile chuma chake cha kuzungusha.

Wiki iliyofuata nilikuwa jikoni nasonga ugali nikasikia kisimu chake cha tochi kinalia. Alikuwa hajui kusoma ujumbe kwenye kioo kile kidogo, akaniletea. "Hongera! Umepata pointi 395."

"Mama," nikamwuliza, "namba yako nani kampa yule keshia?"

"Yule binti? Kumbe baba yake ni mtu wa Hombolo," akasema. "Haya, soma tena, umesema ngapi?"