Walijua Walichokishona

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi yangu, fundi cherehani wa Tanga aliyekuja kututembelea hapa Marekani, kuona mifarishi ya viraka, yaani mablanketi yaliyoshonwa kwa vipande vya nguo, ya Wamarekani Weusi katika jumba moja la makumbusho. Tulikuwa mbele ya mfarishi ulioshonwa kwa suruali kuukuu za kazi za shambani, buluu yake imepauka, pale mtoa maelezo alipowaambia wageni kwamba ajabu ya kazi hizi ni kuwa wanawake walioshona hawakujua kwamba wanafanya sanaa. Nilimtafsiria shangazi. Akasogea hadi kwenye kamba ya kuzuia watu, akainama, na bila kugusa akanionyesha kipande kimoja chenye mraba wa buluu iliyokolea kuliko kwingine kote: hapo ndipo palipokuwa na mfuko, jua na sabuni havikupafikia, na aliyeubandua mfuko huo alikiweka kipande hicho katikati kabisa ya kazi yake. "Huyu alijua, mwanangu," akasema. "Kipande kama hiki hakijipeleki katikati."

Tangu siku hiyo neno lile "hawakujua" limenikaa rohoni, kwa sababu nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara linasemwa kwa upole, kana kwamba ni sifa.

Chukueni Gee's Bend, kijiji cha washonaji weusi katika jimbo la Alabama, kilichozungukwa pande tatu na Mto Alabama, ambacho leo jina lake rasmi ni Boykin. Wengi wa wanakijiji wanaitwa Pettway, jina la Mark Pettway aliyelinunua shamba la pamba la hapo mwaka 1845 na kuwaleta watumwa wake kwa miguu kutoka North Carolina. Nyumba za mbao zilipitisha upepo, na mwanamke alishona mifarishi mingi kadiri alivyoweza ili watoto wasife kwa baridi. Hilo ni kweli, na wanaosema "hawakujua" huishia hapo. Hawaendelei kueleza kwamba hali ya hewa ilipokuwa nzuri mifarishi ilitolewa nje ikaanikwa kwenye kamba na nyua, na wanawake wakapita barabarani wakitazama kazi za wenzao, wakaona nani kathubutu kuweka nyekundu karibu na kahawia, nani kapinda mstari pale ambapo jicho lilitarajia unyooke, kisha wakarudi nyumbani na wazo la kujibu. Mitindo ilikuwa na majina. Upo unaoitwa paa la nyumba, ambao vipande huzungushwa mraba nje ya mraba kuanzia kitovu kimoja, na mama alimfundisha binti mtindo huo kisha akamwachia auvunje apendavyo. Mahali penye majina, walimu, wanafunzi na kazi zinazotazamwa hadharani na watu wanaoelewa pana shule ya sanaa, hata kama paa lake ni mbingu.

Mwaka 1942 Missouri Pettway, mjane wa kijiji hicho, alikusanya nguo za kazi za marehemu mumewe akazishona mfarishi. Binti yake, Arlonzia, ndiye aliyesimulia baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika mapenzi yake. Nguo zile zina madoa na magoti yaliyochakaa, na zimepangwa kwa utulivu wa mtu aliyekaa nazo muda mrefu kabla ya kutia uzi kwenye sindano. Nani atathubutu kusema kwamba mjane yule hakujua alichokuwa akikifanya?

Au Harriet Powers, mshonaji aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia mwaka 1837. Mfarishi wake wenye picha 11 za visa vya Biblia ulionyeshwa kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, huko huko Georgia, mwaka 1886, na mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akataka kuununua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye, dhiki ilipombana, aliuleta mwenyewe kwa mkokoteni wa ng'ombe, akataka dola 10, akapewa dola 5. Kabla ya kuondoka alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na baada ya hapo alirudi mara kadhaa kuutazama tena. Mama huyu alijua, na bei ya dola 5 haikutokana na ujinga wake.

Ndiyo maana neno hili si dogo. Ukiamini kwamba mshonaji hakujua, ni rahisi kumwona kama mti uliozaa matunda, na hakuna anayeulipa mti. Gee's Bend waliishi bila kivuko kuanzia 1962, kilipoondolewa wakati watu weusi walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura ng'ambo ya mto, hadi 2006; hata hivyo mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee, ili wauze kazi yao wenyewe. Na mwaka 2007 baadhi ya washonaji walikwenda mahakamani kudai haki zao juu ya kazi zilizokuwa zimeshapata umaarufu, kesi zikamalizwa kwa makubaliano mwaka uliofuata.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba bila maonyesho makubwa ya mifarishi ya Gee's Bend yaliyoanzia Houston mwaka 2002 mifarishi mingi ingechakaa ikatupwa, na shangazi yangu asingeuona hata mmoja. Lakini hata wakosoaji walioisifu walikimbilia kuifananisha na kazi za Matisse na Klee, wachoraji mashuhuri wa Ulaya, kana kwamba jirani aliyepita barabarani akasimama mbele ya kamba ya kuanikia hakutosha kuwa shahidi. Na kile kisa cha mifarishi iliyowaonyesha watumwa njia ya kutorokea, wanahistoria hawajakipatia ushahidi, wala heshima ya kazi hizi haikitegemei.

Siku hizi, kila Oktoba, mifarishi huanikwa tena hadharani kule Boykin, na washonaji husimama kando ya kazi zao wakiuza wenyewe kwa bei wanayoitaja wao. Shangazi ameahirisha safari yake ya kurudi Tanga. Anasema ana maswali kuhusu pindo.