Kesi ya Crippen na maneno ya kupima ushahidi

Jumamosi moja jioni mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, alikuwa sebuleni na daftari mapajani akitazama dokumentari ya mauaji yaliyoitikisa London mwaka 1910. Akasimamisha picha, akaniita. "Mjomba, 'accessory' si ndiyo zile kava na chaja za simu? Mbona huyu mama anashtakiwa kwa kuwa 'accessory'?" Nikavuta kiti. Swali hilo lilituweka pale hadi adhana ya isha. Baba yake alipopita alitupia jicho kioo, akaona shimo lililochimbwa ndani ya nyumba ya watu, akasema bando linateketea kwa hadithi za wauaji huku vitabu vya sarufi vimejaa vumbi kabatini.

Shemeji yangu hayuko peke yake. Walimu kadhaa wa Kiingereza ninaowafahamu wangemuunga mkono, na hoja zao ni za watu wanaojua kazi yao. Msamiati wa mauaji ni wa pembeni, wanasema. Kiingereza cha mahakama ya zaidi ya miaka mia iliyopita hakimsaidii mtu kuandika barua ya kazi. Na kijana aliyetekwa na kisa anafuata kisa, hafuati lugha. Mimi nimehariri habari za mahakamani kwa miaka mingi, na kwa macho ya kazi hiyo naona dokumentari za namna hii zinahukumiwa kwa yale maneno ya kutisha yanayosikika kwanza, ilhali faida yake imo kwenye maneno mengine kabisa, yale ya kimya.

Kwa asiyeijua kesi: Hawley Harvey Crippen alikuwa Mmarekani mwenye kuuza dawa na kujitambulisha kama daktari, aliyeishi nyumba namba 39 mtaa wa Hilldrop Crescent, London, na mkewe Cora, mwimbaji wa jukwaani aliyejulikana kama Belle Elmore. Cora hakuonekana tena baada ya usiku wa 31 Januari 1910. Mumewe alisema amekwenda Marekani, baadaye akasema amefia huko. Wakati huohuo Ethel Le Neve, karani na mpenzi wake, alionekana kwenye dansi akiwa amevaa pambo la kifuani la Cora, na rafiki zake Cora wakaanza kuuliza maswali. Polisi walipomhoji, Crippen na Le Neve walitoroka hadi Antwerp, wakapanda meli ya Montrose iliyokuwa ikienda Canada, Le Neve amevaa nguo za kiume kama mwanawe. Nyuma yao, chini ya sakafu ya chumba cha makaa ya mawe, polisi wakafukua mabaki ya mtu.

Nahodha wa meli, Henry Kendall, aliwatilia shaka, akapeleka habari Uingereza kwa simu ya upepo. Ujumbe huo ni mfupi sana, na ningekuwa na darasa ningeutumia wiki nzima. Unaanza kwa "strong suspicions", kwamba nahodha ana shaka kubwa, basi. Unafika mwisho na kusema huyo anayejifanya mvulana, kwa sauti, mwenendo na umbo, ni "undoubtedly a girl", msichana bila shaka yoyote. Katika sentensi chache mtu ametoka kwenye kudhani hadi kwenye uhakika, na kila hatua ina neno lake. Katikati kuna "saloon passengers". Mpwa wangu alicheka, maana kwake neno hilo ni gari dogo, au pahala dada zake wanaposukia nywele. Kwenye meli ile walikuwa abiria wa daraja la juu, tofauti na waliosafiri kwa nauli ya chini. Neno moja, na tayari unajua hawa wawili walikuwa wamelipa zaidi.

Nahodha amemwita Crippen "murderer" na Le Neve "accomplice", mshirika wake katika uhalifu, kabla ya mahakama kukaa. Kama habari hiyo ingefika mezani kwangu, ningeirudisha. Kiswahili chetu kina ngazi hizi zote, na wasomaji wa magazeti wanazipanda kila siku bila kuzihesabu: mtuhumiwa, au mshukiwa kama wasemavyo Kenya, kisha mshtakiwa, kisha aliyetiwa hatiani. Kwa hiyo kijana wetu akisikia "suspect", "accused" na "convict" katika kisa kimoja, juu ya mtu yuleyule, miezi michache tu ikipita kati ya neno la kwanza na la mwisho, hajifunzi wazo jipya. Anapata majina ya Kiingereza ya ngazi anazozijua tangu aanze kusikiliza taarifa ya habari. Orodha ya maneno ubaoni inampa yote matatu kwa mpigo, kila moja na tafsiri yake, na hakuna kinachomwonyesha kwamba haya ni mambo ya wakati na ya ushahidi.

Le Neve naye? Oktoba alishtakiwa kuwa "accessory after the fact", yaani mtu aliyemsaidia mhalifu baada ya tendo kutendeka. Akaonekana hana hatia. Lile neno la nahodha, "accomplice", halikusimama, na hata hili dogo la "accessory" halikusimama. Hapo mpwa wangu akaandika "acquitted" kwa herufi kubwa. Sikumwambia aandike.

Neno lililonishika mimi zaidi ni "remains". Mwanafunzi wa sekondari analijua "remain" kama kitenzi, kubaki. Kamusi ingemwambia "remains" ni mabaki, naye angeendelea na safari. Lakini chini ya matofali yale hakukuwa na kichwa, wala mikono na miguu, wala mifupa. Msimuliaji hawezi kusema "body", kwa kuwa hakuna mwili. Hawezi kusema "Cora", kwa kuwa hilo ndilo lililobishaniwa mahakamani. Daktari Bernard Spilsbury aliiambia mahakama ya Old Bailey kwamba alama kwenye kipande cha ngozi ni "scar", kovu la upasuaji, na Cora alikuwa amewahi kupasuliwa tumboni. Upande wa utetezi ukasema ni "fold", ngozi iliyojikunja tu. Maneno mawili ya darasa la tano, na roho ya mtu inaning'inia kati yake. Jopo la wananchi lilijadiliana kwa dakika 27. Crippen alinyongwa 23 Novemba.

Kisha ikaja mwaka 2007. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walilinganisha DNA ya kipande kilichohifadhiwa tangu kesi ile na DNA ya ndugu wa Cora wa upande wa mama, wakatangaza kwamba hazifanani. Wapo waliopinga, wakihoji hali ya sampuli ya karibu miaka mia na usahihi wa nasaba iliyotumika. Tangu hapo msimuliaji makini analazimika kuitembeza kila sentensi kwa hadhari: "allegedly", "supposedly", "presumed", "is believed to have". Sisi tunayo "inadaiwa" na "inasemekana", na tunayo "eti", ambayo kwa silabi mbili inakuambia msemaji mwenyewe haamini. Eti Cora amekwenda Marekani. Mwanafunzi wetu anayeandika insha ya Kiingereza mara nyingi ana ngazi mbili tu, "it is" na "it is not", na "maybe" ya kuzibia pengo. Hapo ndipo Kiingereza chake kinapoonekana cha kitoto hata kama kimejaa maneno magumu. Kesi ya zamani isiyokwisha kubishaniwa inamlazimu asikie hizo ngazi za kati mara kwa mara.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa wapinzani wana nguvu kuliko wanavyojua. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili kuelewa mazungumzo vizuri bila msaada mtu anahitaji kujua asilimia 98 ya maneno anayoyasikia, na kwamba kufika huko kunataka familia 6,000 hadi 7,000 za maneno. Familia ni neno na watoto wake: "suspect", "suspects" na "suspected" ni moja. Kwa filamu, Webb na Rodgers walionyesha mwaka 2009 kwamba familia 3,000 zinakufikisha karibu asilimia 95.

Asilimia tatu, mtu atasema, ni nini? Tuseme dokumentari ni ya dakika 50 na msimuliaji anatamka maneno 130 kwa dakika. Hayo ni maneno 6,500. Mwenye asilimia 98 atakwama mara 130, mara mbili tatu kila dakika, na picha zitamvusha. Mwenye asilimia 95 atakwama mara 325, yaani kila sekunde tisa hivi. Huyo hasikilizi, anazama. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila nikiirudia nazidi kuamini kwamba kumwekea mtoto wa kidato cha kwanza, aliyetoka kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, dokumentari kama hii ni kumtesa bure. Walimu wako sahihi juu ya huyo.

Ila zile mara 130 si maneno 130 tofauti. "Cellar" linarudi, "remains" linarudi, "inspector", "fled", "aboard", "verdict", kwa kuwa kisa ni kimoja na watu ni walewale. Ukitazama dokumentari ya pili juu ya kesi ileile, nusu ya ugumu umeshaondoka mlangoni. Orodha ubaoni inakukutanisha na neno mara moja na kukuacha nalo.

Pingamizi linaloniuma ni jingine, na shemeji yangu hakulitaja. Angalia sifa wanazopewa hawa watu. Crippen karibu kila anaposimuliwa ni "mild-mannered", "meek", mpole asiyeinua sauti. Cora ni "overbearing", "flamboyant", "domineering", mtu wa makeke na mwenye kutawala wengine. Mwanafunzi anayachukua maneno hayo kwa uaminifu, na pamoja nayo anachukua hukumu: kwamba mke alikuwa mkorofi, na mume masikini alichoshwa. Mwanamke huyu alikuwa mhazini wa chama cha akina mama wa majukwaani, na wenzake wa chama hichohicho ndio waliokataa kuamini kwamba amefia ughaibuni, wakaenda Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London. Mtu anayependwa hivyo na wenzake anastahili maneno mengine. Hapa sina jibu la kuliondoa tatizo. Nasema tu kwamba kijana asiachwe peke yake na kioo. Pawe na mtu wa kumuuliza nani kasema "overbearing", na Cora angesema nini.

Jumamosi iliyofuata tuliitazama tena, mara ya tatu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari mpwa wangu alikuwa ameandika sentensi yake mwenyewe: "Crippen murdered his wife." Akaisoma, akanyamaza kidogo, akaikata kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika: "Crippen was convicted of murdering his wife, whose remains were believed to be those found in the cellar." Akaniuliza kama "whose" imekaa sawa. Haikukaa sawa, tukaanza kuinyoosha.