Kafeini au aminofilini kwa mtoto njiti?

Mzee anayekunywa kahawa chungu jioni pale Ngamiani mjini Tanga, baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini yake imeshaondoka mwilini. Mtoto njiti akipewa kafeini, nusu hiyo humchukua siku tatu hadi nne. Ini lake halijawa na vimeng'enya vya kutosha kuichakata, kwa hiyo sehemu kubwa hutoka kwenye mkojo kama ilivyoingia, tena kupitia figo ambazo nazo bado changa.

Kafeini na aminofilini ni dawa zinazotumika kwa njiti ambao pumzi yao hukatika kwa sekunde 20 au zaidi, kwa kuwa ubongo haujakomaa kuisimamia. Wanaotetea aminofilini wana hoja nzito: bei yake ni rahisi, inapatikana, manesi wameizoea. Kwa mama aliyeteremshwa kutoka Lushoto hadi hospitali ya Bombo, Tanga, na mtoto wa kilo moja na kidogo, dawa iliyopo kabatini inaishinda ile inayosifiwa vitabuni. Isitoshe, mwili wa kichanga hugeuza sehemu ya aminofilini kuwa kafeini, jambo ambalo kwa mtu mzima ni dogo mno. Basi si yale yale?

Hapana. Aminofilini hutolewa mara mbili au tatu kwa siku, na kati ya dozi inayotibu na inayodhuru nafasi ni finyu: moyo hwenda mbio, mtoto hutapika, ikizidi sana hupata degedege. Inataka damu ipimwe kiwango cha dawa. Kafeini hutolewa mara moja kwa siku na kwa kawaida haidai kipimo hicho. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006, wa watoto 2,006, ulionyesha pia kwamba inapunguza ugonjwa sugu wa mapafu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Kwa hiyo hoja ya bei naiona imekaa kichwa chini miguu juu. Hospitali isiyo na kipimo cha dawa kwenye damu ndiyo ingetangulia kupata kafeini, si ile yenye maabara kamili.

Ila kafeini nayo ina mtego wake, na ni ule ule ucheleweshaji wa kutoka. Ikisimamishwa leo, mtoto atapumua vizuri kesho, mama atataka kwenda kwao, na kitanda kinasubiriwa. Akiruhusiwa siku hiyo, dawa bado imo mwilini inamsaidia, na hakuna aliyeona kama anaweza kupumua bila yake.