Bei ya Menyu Iwe Ndiyo Bei ya Kulipa

Mkahawa ukiandika kwenye menyu kwamba ngege mzima na ugali ni shilingi 1,000, nikaagiza, nikala, nikashiba, basi nidaiwe 1,000. Si 1,280. Chochote ambacho mteja hana nafasi ya kukikataa kinapaswa kuwa ndani ya bei anayoisoma kabla hajaagiza. Huo ndio msimamo wangu, na kadiri ninavyosikiliza sababu za wenye mikahawa wanaopinga, ndivyo ninavyozidi kuushikilia.

Hiyo 280 inatoka wapi? VAT ni asilimia 16, yaani 160. Ushuru wa utalii ni asilimia 2, yaani 20. Halafu kuna ada ya huduma, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, yaani 100. Mbili za kwanza zimo katika sheria za nchi. Ya tatu ameiamua mwenye biashara mwenyewe. Lakini zote tatu husukumwa pamoja kwenye mstari mmoja wa maandishi madogo chini ya ukurasa, na mteja akiona "bei hazijumuishi kodi na ada ya huduma" huondoka akiamini kwamba zote ni za serikali. Hilo peke yake linatosha kunikera.

Nisiwaonee wote. Hapa Kisumu kuna hoteli nyingi ambazo menyu zao zinasema wazi kwamba VAT na ushuru vimo ndani ya bei, na unalipa ulichosoma. Ninaowasema ni wale wengine, na hasa kwa sababu wanawaumiza hawa waungwana. Nitalirudia hilo.

Chama chetu kilitaka kufunga mwaka kwa chakula cha mchana mahali penye upepo wa ziwa. Mweka hazina akaenda, akapiga picha ya menyu, akaituma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Kila mmoja akachagua chakula kulingana na uwezo wake, akatuma pesa kwa M-Pesa mapema ili siku yenyewe pasiwe na usumbufu. Jumla ikawa 18,000. Tulikula vizuri, chakula sina neno nacho. Bili ilipoletwa ilisoma 23,040. Watu wazima waliokuja kufurahi wakaanza kuulizana nani ana mia tano. Mama mmoja, ambaye alikuwa amechagua chakula cha bei ya chini kabisa kwa kuwa ndicho alichokimudu, naye akaombwa aongeze. Nilimtazama akifungua kibeti chake nikaumia moyoni. Kwa mtu kama yeye, bei iliyo kwenye menyu ndiyo inayomwambia kama anaweza kukaa mezani pamoja na wenzake au abaki nyumbani.

Kuna jambo wenye mikahawa hulisema kila mara: viwango vya kodi hubadilika, na kuchapisha menyu upya ni gharama. Tuliangalie hilo. VAT ilianza Kenya mwaka wa 1990. Mwaka wa 2003 ilishuka kutoka asilimia 18 hadi 16, na imekaa hapo tangu wakati huo isipokuwa ile miezi ya korona, iliposhushwa hadi 14 kuanzia Aprili 2020 na kurudi 16 Januari mosi 2021. Katika miaka hiyo yote, bei ya nyanya, vitunguu na mafuta ya kupikia imepanda na kushuka mara ngapi? Kila inapopanda, menyu hubandikwa kijikaratasi chenye bei mpya juu ya ile ya zamani, na biashara inaendelea. Anayeweza kubandika kwa ajili ya nyanya anaweza kubandika kwa ajili ya kodi.

Tena tazama petroli. Ni bidhaa yenye kodi na tozo nyingi. Hata hivyo kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza bei, Kisumu yake, Nakuru yake, Eldoret yake, na ukifika kwenye kituo unaona nambari moja tu. Mwendeshaji bodaboda anayeweka mafuta ya mia mbili anapata mafuta ya mia mbili. Hakuna anayemwambia baada ya tangi kujaa kwamba ile ilikuwa bei kabla ya kodi. Dukani ni hivyo hivyo kwa sabuni na kiberiti. Kwa nini samaki aliyekaangwa awe na sheria zake?

Sababu moja ya upande wa pili naiheshimu. Kuna wanaosema kodi ikifichwa ndani ya bei, mwananchi hajui serikali inachukua kiasi gani, na asipojua hawezi kuuliza. Ni kweli tunahitaji kujua. Mwaka wa 2024, Mswada wa Fedha ulipotaka kutoza mkate VAT ya asilimia 16, nchi nzima ilijua, na mkate haukuwahi kuuzwa kwa bei mbili ili tujue. Mahali pa kuonyesha kodi ni kwenye risiti. Hesabu yake si ngumu: mlo wa 1,180 wenye VAT na ushuru wa utalii ndani yake ni 1,000 ya mkahawa, 160 ya VAT na 20 ya ushuru. Mashine ya risiti inaichambua yenyewe, na risiti ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, inatakiwa kuonyesha kodi hata hivyo. Menyu inieleze nitatoa nini mfukoni, risiti inieleze kimeenda wapi.

Sasa ada ya huduma, na hapa sitaki kupita haraka.

Kumpelekea mteja chakula mezani ni sehemu ya kazi ya mkahawa, kama kuwasha jiko na kuosha sahani. Hakuna anayenitoza asilimia 3 ya kuosha sahani. Mshahara wa mhudumu ni gharama ya mwajiri, na mwajiri ana haki kamili ya kupandisha bei ya chakula ili aulipe vizuri. Apandishe! Nitaiona bei, nitaamua. Ninachokataa ni kuitoa gharama hiyo nje ya bei, kuipa jina zuri linalonifanya nifikiri namsaidia binti aliyenihudumia, kisha nisijue kama imemfikia. Mteja aliyelipa hiyo asilimia 10 haachi bakshishi, maana anadhani ameshatoa. Kama pesa ile imebaki ofisini, mhudumu amekosa mara mbili. Na bili ikishangaza meza, ni yeye anayesimama pale kupokea hasira, si aliyeipanga. Siku ile ya chama, kijana aliyetuhudumia kwa adabu tangu mwanzo alizomewa kwa jambo ambalo hakulianzisha.

Wengine wamelishughulikia suala hili. Ufaransa, tangu mwaka wa 1987, bei inayobandikwa mkahawani lazima iwe na kodi na huduma ndani yake. India ilitoa mwongozo mwaka wa 2022 wa kuzuia mikahawa kuongeza ada ya huduma kwenye bili bila hiari ya mteja, mikahawa ikaenda kortini, na Machi 2025 Mahakama Kuu ya Delhi ikasimama na wateja. Uingereza, kuanzia Oktoba 2024, sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi na ada ya huduma yote bila kukata kitu.

Sisi tayari tuna pa kuanzia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 56, inasema mteja ana haki ya kuarifiwa ada zote atakazotozwa kwa huduma, kwa jina lolote zitakaloitwa. Mwenye mkahawa atajibu kwamba ameniarifu, kule chini ya ukurasa. Ndiyo maana nataka kanuni iliyo wazi zaidi.

Na kanuni iwe ya wote, kwa sababu hiari humwadhibu mwaminifu. Pale Dunga, ufukoni mwa ziwa hapa Kisumu, unamchagua samaki kwa macho yako, unaambiwa bei yake na kama ugali na mboga ya osuga vimo, mnakubaliana, basi. Biashara ndogo yenye mauzo yasiyofika milioni 5 kwa mwaka hailazimiki hata kujisajili kwa VAT, kwa hiyo bei yake ni bei. Mkahawa mkubwa unaoandika 1,180 kwa uwazi unashindana na jirani anayeandika 1,000 na kuleta 1,280 mwishoni. Mteja anayelinganisha picha mbili kwenye simu ataenda kwa jirani. Miaka michache ya namna hiyo, na yule mwaminifu naye atajifunza kuandika 1,000.

Mamlaka ya Ushindani inaweza kutoa mwongozo wa ukurasa mmoja kuhusu jambo hili, na maafisa wa kaunti wanaokagua mikahawa wakati wa leseni wakaitazama menyu kama wanavyotazama jikoni. Ada ya kifungashio kwa anayebeba chakula, au ya kukatiwa keki niliyokuja nayo, ziandikwe kando na bei zake zionekane. Hizo sina ugomvi nazo, maana naweza kusema sitaki.