Kodi ya kampuni huharibikia Machi, siyo Juni

Kila ikikaribia Juni 30, wakurugenzi wa Dar es Salaam huanza kuwasaka wahasibu. Kwa kampuni inayofunga hesabu Desemba, hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), hesabu zikiwa zimethibitishwa na mhasibu mwenye CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu. Ikichelewa, adhabu huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, na lawama zote anabebeshwa mhasibu. Si haki, kwa sababu mambo yalishaharibika zamani.

Huanzia kwenye makadirio. Kampuni hukadiria kodi yake ndani ya miezi 3 ya kwanza ya mwaka wa hesabu, kisha huilipa kwa awamu 4: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Wengi huandika kidogo makusudi ili fedha ibaki kwenye mzunguko. Tuseme umekadiria milioni 4, kumbe kodi halisi ni milioni 9. Milioni 5 zilizobaki zinadaiwa Juni inayofuata, mwezi uleule wa awamu ya pili ya mwaka mpya, na riba juu yake. Fedha zenyewe zilishageuka mzigo dukani. Sheria inaruhusu kurekebisha makadirio katikati ya mwaka: biashara ikichangamka Agosti, rekebisha kabla ya awamu ya Septemba. Hapa wahasibu nao wana lawama yao pale wasipomwambia mteja.

Panapouma zaidi ni kwenye risiti. Chukua kampuni ya vifaa vya ujenzi Kariakoo: mauzo milioni 400, mzigo milioni 300, gharama nyingine milioni 70. Faida ni milioni 30, na kodi ya asilimia 30 ni milioni 9. Lakini ndani ya zile 70, milioni 40 zilikwenda kwa kirikuu, wabeba mizigo na mafundi, bila risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti. Mkaguzi akizikataa, faida inayotozwa kodi inapanda hadi milioni 70, na kodi milioni 21. Ujumbe wa muamala kwenye simu hauokoi kitu. Ni heri umlipe msafirishaji mwenye mashine hata akizidisha bei kidogo, maana kila shilingi 100,000 inayokataliwa inakugharimu kodi ya 30,000.

Pango nalo lina mtego wake. Ukilipa miezi 6 kwa mkupuo, shilingi milioni 12, unatakiwa ukate zuio (kodi inayokatwa kwenye malipo kabla ya kumfikia mlipwaji) la asilimia 10, yaani milioni 1.2, uliwasilishe TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mwenye nyumba akigoma, utalitoa mfukoni mwako. Liandike kwenye mkataba kabla ya kukabidhiwa funguo.

Uchakavu wa mali ulioandikwa kwenye vitabu haukatwi kwenye faida kama ulivyo. Kompyuta, kwa mfano, zina kiwango chake cha kikodi, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki.

Tathmini ya TRA, yaani kodi waliyokuhesabia wao, ikija, una siku 30 za kuweka pingamizi, na unatanguliza theluthi moja ya kodi au kiasi usichobishania, kile kilicho kikubwa. Siku hizo zinaweza kuisha bosi hajui lolote, kwa sababu namba ya simu na baruapepe zilizosajiliwa ni za mhasibu aliyeacha kazi mwaka juzi. Badilisha taarifa hizo siku ileile anayokabidhi ofisi.